Pii, pii-pii: milio ya redio ya reli inasema nini, na ilitoka wapi?

Leo naomba tuweke kando mambo ya PHP na hifadhidata, tuzungumzie reli. Sisi wa Changamwe tumekua na gari la moshi masikioni: honi, magurudumu, mabehewa yakigongana yakipangwa. Lakini kuna sauti nyingine ambayo watu wengi huisikia na kuipuuza. Mfanyakazi wa reli anapita na redio ya mkononi, mtu anaongea, halafu redio inalia "pii". Au kabla mtu hajasema lolote, inalia "piri-piri-pii" haraka haraka, kisha kimya. Ukiuliza, utaambiwa redio ni mbovu, au betri inakwisha.

Si betri. Ile ni lugha, na ina historia ndefu kuliko redio yenyewe. Kwa mtu anayeandika programu ni historia tamu kwelikweli, kwa sababu karibu kila jambo tulilofundishwa darasani kuhusu mitandao ya kompyuta watu wa reli walikuwa wameshalijua. Tofauti ni kwamba wao walijifunza kwa vifo. Twende taratibu.

TATIZO LENYEWE: NJIA MOJA, TRENI MBILI

Reli ya Uganda ilianza kujengwa hapa Mombasa mwaka 1896. Ilifika Nairobi 1899, na Ziwa Victoria, mahali tunapopaita Kisumu leo, mwezi Desemba 1901. Ilikuwa reli ya upana wa mita moja, na ilikuwa njia moja. Ukishatoka kisiwani unapita Changamwe, Miritini, Mazeras, Mariakani na kuendelea kupanda bara. Treni inayopanda na inayoshuka zinatumia chuma kile kile, na zinaweza kupishana stesheni tu, penye njia ya pili.

Sasa fikiria wewe ni stesheni masta Mazeras. Treni iko mbele yako, dereva anataka kuondoka. Utajuaje kwamba mwenzako wa Mariakani hajaachilia nyingine ije upande wako? Huwezi kuona. Treni yenye mzigo haisimami kama matatu. Inahitaji mamia ya mita, na kwenye mteremko zaidi. Dereva akimwona mwenzake mbele, mara nyingi ameshachelewa.

Kwa hiyo reli bila mawasiliano haiendeshiki. Ndiyo maana waya wa telegrafu ulijengwa sambamba na reli. Neno letu "simu" lenyewe lina asili ya Kiajemi, maana yake waya, na wazee waliposema "kupiga simu" walimaanisha kwanza telegrafu. Waya wa chini ya bahari ulikuwa umeshafika Zanzibar mwaka 1879. Bara, waya ulikuwa na maadui wake. Wanandi, waliopigana na Waingereza hadi Koitalel arap Samoei alipouawa Oktoba 1905, waliukata mara nyingi, na shaba yake ikawa mapambo. Yaani tatizo la mtandao kukatika kwa sababu mtu amechukua waya lina umri wa zaidi ya miaka 100 hapa kwetu.

USIKU WA NORWICH

Lakini waya peke yake hautoshi. Hilo lilijulikana Uingereza kabla ya reli yetu kuzaliwa.

Tarehe 10 Septemba 1874, karibu na mji wa Norwich, kulikuwa na kipande cha njia moja na treni mbili: ya posta upande mmoja, ya haraka upande mwingine. Mkaguzi wa zamu alizungumza na karani wa telegrafu kuhusu ujumbe wa kuiruhusu treni ya posta ije. Kanuni ilisema ujumbe hauendi bila saini ya mkaguzi. Mkaguzi hakutia saini, karani akautuma. Mkaguzi, akiamini haujaenda, akairuhusu treni ya haraka iondoke. Walipogundua, walikimbilia mashine kuufuta ujumbe. Jibu likarudi kwamba treni ya posta imeshatoka. Wakabaki wamekaa wakijua kitakachotokea, bila njia yoyote ya kuwafikia madereva. Walikufa watu 25.

Wanaoandika programu wataitambua hali hii mara moja. Watu wawili wanabadilisha kitu kimoja, kila mmoja akiamini hali ni ile aliyoiona mara ya mwisho. Kwetu matokeo yake ni oda moja kuuzwa mara mbili. Pale ilikuwa treni mbili kuuziwa njia moja.

Dawa aliileta Edward Tyer, aliyepata hataza yake mwaka 1878. Aliweka mashine mbili, moja kila stesheni, zimeunganishwa kwa waya. Ndani mna visahani vya chuma. Kimoja kikishatolewa upande wowote, mashine zote mbili zinajifunga mpaka kile kisahani kirudishwe katika moja kati yake. Dereva haruhusiwi kuingia njiani bila kisahani mkononi. Hata makarani wakichanganyikiwa, umeme hautoi kisahani cha pili. Hicho ndicho sisi tunakiita kufuli katika programu: anayeishika pekee ndiye anayepita.

Mifumo ya jamii hii ilisambaa India na makoloni mengine. Katika njia nyingi za Afrika Mashariki kibali kilikuwa karatasi: stesheni masta anawasiliana na mwenzake kwa waya, ujumbe unarudiwa neno kwa neno, namba ya kibali inaandikwa, dereva anapewa karatasi. Ni rahisi na haina mashine ya kuharibika, lakini kufuli iko kwenye nidhamu ya binadamu, si kwenye chuma.

KENGELE NDIYO BABU WA "PII"

Sasa tufike kwenye sauti. Mashine hizi zilikuwa na kengele. Ukibonyeza swichi upande huu, kengele inagonga upande wa pili. Kila idadi ya mapigo ina maana. Kila shirika lilikuwa na kitabu chake cha kanuni, lakini mfano wa Uingereza ndio maarufu:

- Pigo 1: nisikilize.
- Mapigo 4: je, njia iko wazi kwa treni ya abiria ya haraka?
- Mapigo 3, kimya kidogo, 1: je, iko wazi kwa treni ya abiria inayosimama kila stesheni?
- Mapigo 2: treni inaingia njiani kuja kwako.
- Mapigo 2, kimya, 1: treni imefika na kutoka njiani.
- Mapigo 6: HATARI, kuna kizuizi.

Tazameni uzuri wake. Kwanza, kukubali ni kurudia. Nikikupigia 3-1, nawe unakubali, unanirudishia 3-1 ile ile. Hakuna kengele ya "ndiyo" ya jumla, kwa sababu "ndiyo" haionyeshi umesikia nini. Ukirudia, najua umesikia nilichosema.

Pili, kukataa ni kunyamaza. Kama njia haiko wazi, hujibu. Waya ukikatika, hakuna jibu pia. Kwa hiyo "hapana" na "mtandao umekufa" vinaonekana sawa, na vyote viwili vinaiacha treni imesimama.

Tatu, mapigo 6 hayahitaji kutanguliwa na "nisikilize". Yanaingia moja kwa moja, yanakatiza kila kitu.

Nne, na hili ndilo linalotupeleka kwenye redio: mtu wa ishara aliyekuwa na jirani kulia na jirani kushoto alipewa kengele zenye sauti tofauti. Akiwa amewapa mgongo bado alijua nani anamwita, kwa mlio tu. Sauti imekuwa anwani.

Mwaka 1974, miaka 100 baada ya Norwich, Vint Cerf na Bob Kahn walichapisha makala iliyozaa TCP, itifaki inayobeba intaneti. Ndani yake mna nini? Kuita, kuitikiwa, kuthibitisha, na kutuma tena usipojibiwa. Sisemi waliiga reli. Nasema wote walikuta ukuta ule ule: ujumbe haujafika mpaka uliyemtumia aseme umefika.

KUTOKA KENGELE HADI REDIO

Redio ilipoingia ilileta shida mpya. Waya unaunganisha wawili. Redio wanaisikia wote. Madereva, gadi, watu wa yadi na ofisi ya uongozi wa treni wako kwenye chaneli moja. Utamwitaje mmoja bila kuwachosha wote? Na mashine itajuaje kwamba sauti hii ni amri na ile ni mtu anakohoa? Jibu ni milio. Hii ndiyo jamii ya milio utakayokutana nayo kwenye redio za kazi popote duniani, reli ikiwemo.

Mlio mmoja mfupi mwishoni mwa maneno. Redio inasema "nimeachia kitufe, zamu yako." Kwenye chaneli yenye mikwaruzo huwezi kujua kama mwenzako amemaliza au amepotea. Mlio unatofautisha.

Milio miwili kwa pamoja, kama simu ya mezani ikibonyezwa. Hii ni DTMF, iliyoanza kwenye simu za Marekani mwaka 1963. Kila namba ni masafa mawili yanayolia kwa wakati mmoja. Namba 5 ni 770 Hz pamoja na 1336 Hz. Namba 1 ni 697 na 1209. Kwa nini mawili? Kwa sababu koo la binadamu, filimbi au breki inayolia haviwezi kutoa jozi hiyo kamili kwa urahisi. Tena masafa yenyewe yalichaguliwa ili moja lisiwe kigawo cha jingine, mashine isidanganyike na harmoniki. Kwenye redio za reli za nchi nyingi, namba hizi huamsha kituo cha kurushia mawimbi kilicho mlimani, au huita ofisi ya uongozi.

Milio mitano ya haraka, mmoja baada ya mwingine. Hii ndiyo "piri-piri-pii" yenyewe. Ni anwani yenye tarakimu tano: redio zote zinasikia, lakini ni moja tu inayofungua spika. Katika kiwango kimoja maarufu cha Ulaya kila mlio una urefu wa milisekunde 70, kwa hiyo yote mitano inakwisha katika theluthi moja ya sekunde. Kuna ujanja hapa. Kama anwani ni 33512, milio ya 3 na 3 ingeungana ikasikika kama 3 moja ndefu. Kwa hiyo kuna mlio maalumu wenye maana ya "rudia iliyotangulia". Anwani inatumwa 3, rudia, 5, 1, 2. Mtu aliyewahi kuandika programu ya kubana faili atatabasamu.

Mngurumo wa chini usiousikia. Redio nyingi hutuma mlio kati ya 67 na 254 Hz chini ya maneno. Redio ya upande wa pili huuchuja kabla ya kufika kwenye spika. Kazi yake ni kama nywila dhaifu: bila mlio huo spika haifunguki, na wageni kwenye masafa yale yale hawawasumbui.

Mkwaruzo mfupi, "krrt". Hapo hakuna mtu. Ni data.

Unaweza kuvitengeneza vyote hivi kwenye kompyuta yako jioni moja bila redio yoyote. Zalisha mawimbi mawili ya sine, yajumlishe, yahifadhi kwenye faili la wav. Kusoma kinyume, tumia algorithimu ya Goertzel ya mwaka 1958: haihesabu masafa yote kama FFT, inauliza swali moja tu, "je, 770 Hz imo humu?" Mistari isiyozidi 20. Kwa mwanafunzi anayetafuta mradi mdogo, huu hapa.

ONYO KUHUSU REKODI ZA MARENANI YA MTANDAO

Ukitafuta sauti hizi mtandaoni, nyingi utakazopata ni za Marekani, na kubwa kati yao ni ule mkwaruzo wa data. Usidhani ndio wa Mazeras. Kule, treni za mizigo ziliacha kubeba gadi kwenye behewa la mwisho. Badala yake pakawekwa kisanduku kinachopima shinikizo la hewa ya breki mkiani na kulituma kwa injini kwenye 457.9375 MHz. Ni biti 1200 kwa sekunde: mlio wa 1200 Hz ni moja, wa 1800 Hz ni sifuri. Kati ya biti 63 za ujumbe, 18 ni za kugundua na kusahihisha makosa tu. Karibu theluthi moja ya ujumbe haisemi jambo jipya. Inalinda yale yaliyosemwa. Hawakuwa wabadhirifu: wangekosea tarakimu moja, dereva angeambiwa ana breki wakati hana.

SAUTI HAISEMI ISICHOPIMA

Hapa nataka tusimame, maana ni rahisi kwa sisi watu wa kompyuta kuipenda itifaki mpaka tukasahau treni.

Usiku wa tarehe 30 Januari 1993, treni ya abiria kutoka Nairobi kuja Mombasa ilifika kwenye daraja la Ngai Ndethya. Mafuriko yalikuwa yameliharibu daraja. Treni ikatumbukia mtoni, watu zaidi ya 100 wakafa. Wengi wao walikuwa wanakuja huku kwetu pwani. Kibali cha njia kinajibu swali moja: je, kuna treni nyingine mbele? Hakijibu: je, kuna daraja?

Kwa jirani zetu wa Tanzania, tarehe 24 Juni 2002, treni ya abiria ilirudi nyuma kwenye mteremko karibu na Igandu, mkoa wa Dodoma, ikagongana na treni ya mizigo. Walikufa watu 281. Hatari haikutoka mbele, ambako ishara zote hutazama. Ilikwenda nyuma.

Ndiyo sababu namheshimu sana William Robinson, Mmarekani aliyevumbua mwaka 1872 njia ya kupitisha umeme mdogo ndani ya reli zenyewe. Umeme ukipita, njia iko wazi. Magurudumu ya treni yakiwa juu, umeme unakatizwa njiani na ishara inakuwa nyekundu. Reli ikivunjika, umeme unakatika: nyekundu. Betri ikifa: nyekundu. Wazo ni lile lile la kengele isiyojibu. Ukimya uwe na maana ya hatari, na usalama ndio ulazimike kujithibitisha kila sekunde.

Wangapi kati yetu tunaandika programu kinyume chake? Seva haijaleta kosa, basi tunaandika "imefanikiwa" kwa rangi ya kijani.

SGR NA KIMYA KIPYA

Reli mpya ilizinduliwa tarehe 31 Mei 2017, na kituo chake kikubwa cha abiria kiko Miritini, jirani yetu. Inatumia GSM-R, binamu wa mtandao wa simu za mkononi aliyetengenezwa kwa ajili ya reli. Humo hakuna "pii-pii" ya kusikilizwa. Kila kitu ni tarakimu. Sauti pekee ya familia hiyo uliyowahi kuisikia ni ule mtetemo wa "trrr-t-t-trrr" kwenye spika ya redio simu yako ilipokaribia kuita: ni simu ikirusha vipande vyake mara 217 hivi kwa sekunde.

Lakini ukifungua kitabu cha GSM-R, wazee wa kengele wote wamo ndani. Treni inaitwa kwa namba ya safari yake, si namba ya kifaa: anwani. Kuna ngazi za umuhimu wa simu. Na kuna simu ya dharura, namba 299, inayokatiza mazungumzo mengine yote na kuwafikia wote walio eneo lile kwa pamoja. Ni yale mapigo 6. Hata SGR yenyewe kati ya Mombasa na Nairobi ni njia moja yenye sehemu za kupishana, kwa hiyo swali la stesheni masta wa Mazeras halijabadilika. Kilichobadilika ni anayelijibu.

Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Mfumo unapokuwa kimya, watu wanaouelewa hupungua. Aliyefanya kazi na kengele alijua kwa nini lazima irudiwe, kwa sababu aliirudia mwenyewe mara mia kwa siku. Anayetazama skrini anaweza kufanya kazi miaka kumi bila kuuliza. Na wale waliofanya kazi tangu enzi za Shirika la Reli la Afrika Mashariki, kabla halijavunjika mwaka 1977, sasa ni wazee. Wengine wako hapa hapa Changamwe na Kisauni, wanacheza bao. Kama una babu au mjomba wa namna hiyo, kaa naye na simu yako irekodi. Muulize walikuwa wakipigiana mapigo mangapi, na walifanya nini waya ulipokatika. Wataalamu kutoka ng'ambo hawatatuletea hayo.

Kwa sisi wengine tunaoandika mifumo ya malipo, ya hospitali, ya bandari, nayafupisha hivi. Usikubali "ndiyo" isiyorudia ulichosema. Penye njia moja weka kufuli halisi, usitegemee makubaliano ya mdomo. Na mfumo wako ukinyamaza, treni isimame.

Haya, wiki ijayo tunarudi kwenye hifadhidata. Tutaangalia jinsi ya kufunga mstari mmoja wa jedwali ili watu wawili wasiuuziane kwa wakati mmoja. Nadhani sasa mnajua kufuli hiyo ilianzia wapi.